Reli ya kusini isisubiri mzigo mmoja

Wadau, nikiwaambia washkaji wa Dar kwamba treni iliwahi kufika Nachingwea, wanacheka. Ilifika, bwana! Reli ilianza mwaka 1949 kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwa ajili ya karanga za Waingereza. Mradi wa karanga ukafa 1951. Reli ikajikongoja, ikafikishwa hadi Mtwara, lakini mwaka 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Iliwekewa matumaini ya zao moja, basi.

Kwenye reli nyingine za Afrika Mashariki miaka hiyohiyo vilikuwa vinaingia vichwa vya mvuke vya daraja la 29 kutoka Glasgow, vyenye majina ya makabila yetu. Vilitengenezwa kwa kazi mbili: leo vinavuta abiria, kesho mizigo. Kimoja, chenye jina la Wamasai, kipo makumbusho ya reli Nairobi.

Sasa kila reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inapotajwa, yanatajwa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Sawa. Na korosho je? Na mama wa Nachingwea anayempeleka mgonjwa Ndanda? Makaa yakishuka bei, tutang'oa tena?