Kukubali si Kunyamaza

Neno "kubali" limeharibiwa jina katika Kenya. Baada ya Mahakama ya Juu kutoa hukumu ya kesi ya urais mwezi wa Machi 2013, wananchi waliimbiwa asubuhi na jioni wakubali, wasonge mbele. Tangu siku hizo mtu aliyedhulumiwa akiambiwa "kubali", masikio yake husikia "nyamaza". Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, yatupasa tulipime upya neno hili, kwani wataalamu wa maradhi ya nafsi nao wamelichukua na kulifanya tiba.

Twende Plateau, kituo cha reli katika nyanda za juu za Uasin Gishu, kabla ya garimoshi kuingia Eldoret likitoka Nakuru. Ni nchi ya baridi, ngano na mahindi, na mpita njia huona neema tupu. Lakini nyanda hizi ziliungua baada ya uchaguzi wa 2007. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto na ndani mna watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu wafu 1,133 katika nchi nzima. Maelfu ya waliosalimika walilala katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Nyumba huezekwa upya kwa mabati. Moyo uliosikia mayowe yale utaezekwa kwa nini?

Jibu la zamani lilikuwa kusahau. Mtu afanye kazi, acheke, asitaje. Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba hapo ndipo tatizo linapokomaa. Mtaalamu wa Marekani, Steven Hayes, pamoja na wenzake, walitoa mwaka 1999 kitabu kilichoeleza tiba ya kukubali na kujifunga na lenye thamani. Shabaha ya tiba hiyo ni kile tunachoweza kukiita unyumbufu wa nafsi. Mafunzo yake makubwa ni matatu. Kwanza, jakamoyo na majonzi yakija, mtu asiyakimbie wala asipigane nayo. Ayaruhusu yapite, akijua kwamba wazo ni wazo tu, halina amri juu yake. Pili, awe na hudhuri, yaani moyo wake uwe pale mwili wake ulipo. Tatu, na hili ndilo roho ya jambo lote, atende analoliona la maana katika maisha yake hata kama hofu haijamtoka. Nahodha hagombani na upepo. Hupunguza tanga, akashika usukani kuelekea bandari aliyoikusudia.

Je, tiba hii yafaa watu wetu, au ni anasa ya wenye nafasi? Ushahidi uko jirani. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 waliokimbia vita vya Sudan Kusini waliingizwa katika utafiti uliochapishwa 2020. Baadhi yao walikutana mara tano kwa makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha kilichotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari. Dhiki za wanawake hao zilipungua kuliko za wenzao waliopata maelezo mafupi tu. Tusitie chumvi: baada ya miezi mitatu nafuu ile ilikuwa imepungua, ingawa haikutoweka.

Eldoret kwenyewe kumejaribiwa njia iliyo karibu na hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Duke cha Marekani walifundisha watu wa mtaani wanaoaminiwa na jirani zao ili wasaidie familia zenye ugomvi na huzuni. Mpango huo uliitwa Tuko Pamoja.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili kama la ugeni. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye matibabu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu, huku ameridhia kadari. Basi yule anayemkemea mfiwa kwa kumwambia kwamba kulia ni upungufu wa imani, mafunzo hayo ameyatoa wapi? Tawakali nayo haimwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake.

Hapa ndipo wanasiasa na waganga wa nafsi wanapoachana. Mjane wa Uasin Gishu akikubali kwamba huzuni yake ipo, hajasema kwamba waliomchomea nyumba walifanya vyema, wala hajaiachilia ardhi yake. Huenda hata akapata nguvu ya kwenda kuidai, kwa kuwa hatumii tena nguvu zote kuficha machozi. Serikali itakayomletea mafunzo ya kupumua bila haki itakuwa imempa nusu ya dawa.

Nchi imeanza kuamka. Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu aliyeshindwa na dhiki hakustahili pingu.

Sheria peke yake haitabisha hodi nyumbani kwa jirani. Hilo ni letu, Plateau na Mombasa, Lamu na Eldoret. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwenye kuyafichua, tumpe kiti, tumsikilize mpaka amalize.