Mbung'o Naye ni Mama



Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu ina sura mbili zenye majina ya wadudu: An-Nahl, nyuki, na An-Naml, chungu. Basi asione haya mwenye kukaa kumtazama mdudu. Aliyekaa sana ni marehemu Profesa Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Makerere, kisha Cambridge, ambako alichunguza namna homoni zinavyomkomaza nzige dume. Na mwaka 1970 akaasisi jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE.

Sisi wa Chara na Garsen tuna haja na mdudu mwingine aliyechunguzwa hapo: mbung'o. Mfugaji humjua kwa ng'ombe anayekonda, malaika yamemsimama, maziwa yamekatika, na watoto nyumbani wanakunywa chai kavu.

Lakini ni wangapi tunaojua uzazi wake? Mbu hutaga mayai mengi kwa mara moja; mbung'o hatagi. Hubeba mtoto mmoja tumboni, akamlisha kwa maziwa ya mwili wake, na kila baada ya siku kama kumi huzaa buu aliyekwisha kukomaa. Buu huyo hujizika mchangani penye kivuli, na baada ya takriban mwezi mmoja hutoka na mbawa zake. Niliposoma haya, astaghfirullah, nilikaribia kumwonea huruma.

Uchache huo wa watoto ndio udhaifu wake: majike wakipunguzwa kidogo tu kila siku, hawawahi kuliziba pengo. Odhiambo alitaka sayansi ishikwe na wanyonge wenyewe, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa ICIPE waliunda kule Nguruman mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, wenye chambo cha mkojo wa ng'ombe na asetoni, ambao Wamaasai wa pale waliushona na kuutunza wenyewe.

Kushona! Akina mama wenye cherehani mmesikia. Mkojo wa ng'ombe hatuukosi. Kazi iliyo ngumu ni ujirani, kwani mtego uliochanika ukiachwa, au kijiji kimoja kikilegea, mbung'o wa vichaka vya pili huja kujaza nafasi ya waliokufa. Atakayeanza asichague kitambaa kwa urembo: buluu ndiyo imwitayo kutoka mbali, na kwenye cheusi ndipo atuapo.