Butembo–Beni: kabla ya kununua kisomaji cha vitabu, angalia kwanza faili zako

Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita kama 54. Kwenye karatasi ni safari fupi. Kwa mtu anayeifanya kila juma, kuna kungoja gari lijae, kuna matope ya mvua, kuna kusimama kwenye vizuizi. Katika miji yenye vyuo vikuu kama UCG kule Butembo na UCBC kule Beni, hamu ya kutumia masaa hayo kwa kusoma inaeleweka, na swali la kisomaji cha vitabu vya elektroniki, kama Kindle au Kobo, linakuja lenyewe.

Kwa abiria wa pikipiki jibu ni fupi: hakuna anayesoma mgongoni mwa motari. Swali linabaki kwa wale wa gari, na hata kati yao kuna wanaopata kichefuchefu wakiinamia maandishi kwenye mashimo.

Uzuri wa vifaa hivi ni wa kweli. Kioo chao hakiwaki kama cha simu. Kinasomeka vizuri juani, kando ya dirisha. Umeme wanatumia kidogo sana. Amazon inasema Kindle ya kawaida inaweza kukaa hadi wiki 6 bila kuchajiwa, kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku. Hata tukikata ahadi hiyo nusu, kwa nyumba ambamo umeme unakuja na kuondoka si jambo dogo.

Shida inaanzia kwenye faili. Masomo mengi ya chuo yanapita kama silabusi za PDF, nyingine zikiwa picha tu za kurasa za A4 zilizoskaniwa. Kisomaji cha kawaida kina kioo cha inchi 6. Ukurasa wa A4 ukibanwa humo, herufi zinakuwa kama chungu. Ukiukuza, unausogeza huku na huku mpaka unasahau ulichokuwa unasoma. Mwanafunzi wa sheria anayetaka kubeba maandiko ya OHADA anaweza kutumia dola zaidi ya 100 (hiyo ni bei ya Marekani, kabla ya usafiri na duane ya Kasindi) na kujikuta amerudi kwenye fotokopi.

Kwa vitabu vya EPUB, ambavyo maandishi yao yanajipanga upya kulingana na kioo, hali ni tofauti kabisa. Na hapa Kobo inafaa zaidi kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika: unachomeka kebo kwenye kompyuta, unakopi EPUB, unasoma. Kindle inapokea PDF kwa kebo, lakini EPUB lazima ibadilishwe kwanza, kwa kawaida kupitia huduma ya Amazon kwenye intaneti. Tena, tangu tarehe 26 Februari 2025, Amazon imefunga njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua kwake na kuvihamisha kwa kebo. Unahitaji Wi-Fi, maana yake mara nyingi ni mega za simu yako.

Mvua nayo ihesabiwe. Kindle ya bei ya chini haikingwi na maji. Paperwhite na Kobo Clara BW zinakingwa. Kobo pia ilishirikiana na iFixit mwaka 2024 ili baadhi ya vifaa vyake vifunguliwe na kutengenezwa, habari njema mahali ambapo kioo kikipasuka hakuna duka la kampuni la kukirudishia.

Vitabu vya bure vipo: Project Gutenberg ina riwaya za zamani za Kifaransa, na African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili. Kununua vipya kwa kawaida kunadai kadi ya benki, si pesa ya simu.

Kwa hiyo mwenye silabusi za PDF abaki na simu yake, au atafute tableti ya inchi 10. Msomaji wa riwaya anayesafiri kwa gari ana sababu ya kutafuta Kobo. Lakini majaribio hayalipiwi: weka EPUB moja kwenye simu, kata intaneti, isome kwa safari nne. Kama baada ya hapo bado uko ukurasa wa 10, hizo dola 100 zina kazi nyingine nyumbani.