TAMKO LA TAWI: TOZO YA UJUZI IFUNDISHE UJUZI

Ndugu wanachama,

Kamati ya Utendaji ya Tawi imeazimia kuwaletea tamko hili kabla ya kikao cha Kata, ili kila mmoja wetu aingie ukumbini akijua tunadai nini. Lisomeni hadi mwisho, kisha wasomeeni na wenzetu wenye simu za kitochi.

*1. SEMINA SI UFUNDI*

Vijana wetu wamezoea kuitwa ukumbini, kupewa soda na fulana, kufundishwa siku mbili kutengeneza sabuni ya maji na batiki, kupigwa picha, halafu kuitwa wajasiriamali. Mwezi unaofuata mtaa mzima unauza sabuni na hakuna wa kuinunua. Sabuni hatuidharau, wapo mama zetu wanaosomesha watoto kwa sabuni. Tunachokikataa ni kiongozi kuhesabu vichwa vya semina na kuviandika kwenye taarifa kana kwamba ni ajira.

Fundi wa kuchomelea mabomba haandaliwi kwa siku mbili. Fundi umeme wa viwandani, fundi majokofu na viyoyozi, mwendesha mitambo, mkereza vyuma: hawa wanahitaji karakana, mashine zinazofanya kazi, mwalimu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe, na miezi mingi ya kurudia mpaka mkono uzoee. Hizo ndizo kazi ambazo mtu analipwa akajenga nyumba na kulea familia. Na hizo ndizo vijana wetu wengi hawafundishwi.

*2. SISI WA TANGA TUMELIONA*

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zinapita Tanzania. Linaishia Chongoleani, hapa hapa kwetu. Katika kazi ya aina ile kila mshono unachunguzwa, na ukikutwa na kasoro unarekebishwa au unakatwa. Fundi mwenyewe anapimwa mkono wake kabla hajaruhusiwa kugusa bomba.

Kijana anayechomelea mageti vizuri pale barabarani hapiti kwa sifa ya mageti. Na mradi haumsubiri miaka miwili akasome. Asiye na cheti anaishia kufyeka, kubeba au kulinda usiku, na kazi ikiisha anarudi nyumbani na ujuzi ule ule aliokwenda nao. Kosa hilo si lake. Mafunzo yanatakiwa kuanza miaka kadhaa kabla ya greda la kwanza kushushwa, na aliyepaswa kuyaanzisha ni aliyejua kwamba mradi unakuja.

*3. FEDHA ZINAKUSANYWA KWA JINA LA UJUZI*

Tukiuliza, tunajibiwa bajeti ni finyu. Ndugu zetu, ipo tozo inayoitwa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, wengi mnaijua kama SDL. Inatozwa chini ya sheria ile ile ya mwaka 1994 iliyounda VETA. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anailipa kwa asilimia ya mishahara yote anayotoa. Iliwahi kuwa asilimia 6. Imeshushwa hatua kwa hatua hadi kufika asilimia 3.5 mwaka 2023.

Fanyeni hesabu. Kiwanda kinacholipa mishahara ya sh. milioni 100 kwa mwezi, kwa kiwango hicho kinatoa sh. milioni 3.5. Katika mgawanyo uliozoeleka, theluthi moja, yaani kama sh. milioni 1.17, ndiyo ya ufundi stadi. Kama sh. milioni 2.33 zinabaki kwenye mfuko mkuu wa Serikali, na mikopo ya elimu ya juu ni miongoni mwa matumizi yake.

Wapo, hata ndani ya chama chetu, watakaotuuliza: mnataka kuwanyang'anya wanafunzi wa chuo kikuu? Hapana. Mikopo yao ni muhimu, na itoke kwenye kodi za jumla kama mambo mengine ya taifa. Lakini mishahara inayopigiwa hesabu ya tozo hii ni pamoja na ya dereva, mpishi wa kantini na mfagiaji. Mtoto wao aliyeishia kidato cha nne anatengewa theluthi ya fedha iliyokusanywa kwa jina la ujuzi. Hiyo si haki.

Waajiri nao wanasema tozo ni nzito, ishushwe tena. Tunawaelewa: nani anafurahia kulipia fundi asiyemwona? Waonyeshwe fundi. Tozo ikishuka huku mgawanyo ukibaki ule ule, anayepunjwa ni yule yule kijana.

*4. MTAJI BILA UJUZI*

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tunaiunga mkono. Ila tunamkopesha kijana pikipiki kabla ya kumfundisha kuitengeneza. Pikipiki inaharibika, deni linabaki, na kikundi kinaitwa wadaiwa sugu.

Vivyo hivyo mkondo wa amali ulioanza kwenye baadhi ya sekondari Januari 2024. Ni hatua nzuri, lakini amali bila karakana ni kunakili ubaoni tu.

*5. TUNADAI*

(a) Tozo ya ujuzi yote iende kwenye ujuzi. Chama kiibebe hoja hii hadi Bungeni.

(b) Halmashauri igharimie nauli, chakula, vifaa na nguo za kazi kwa vijana wa kila kata wanaosoma ufundi. Ada peke yake haimtoi mtu nyumbani. Majina yabandikwe ofisi ya kata, kila mtu ayaone.

(c) Kila mkandarasi anayepewa kazi na Halmashauri achukue wanagenzi, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.

(d) Mafundi wetu wa mtaani wapimwe na kupewa vyeti kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi uliopo, bila kuzungushwa. Mtu aliyefunga umeme miaka 15 hana haja ya kuanza upya na watoto.

(e) Mabinti wapewe nafasi kwenye umeme, uchomeleaji na mitambo. Tusiwasukume wote kwenye cherehani na mapishi.

*6. KAZI YA KILA MWANACHAMA*

Kila mmoja aje kikaoni na majina ya vijana wa mtaa wake wanaotaka kusoma ufundi, pamoja na mafundi wasio na vyeti. Orodha hiyo atakabidhiwa Mheshimiwa Diwani mkononi, mbele ya watu. Akianza kusoma idadi ya semina, tumwulize kwa heshima: ni vijana wangapi wa kata hii wamepata cheti cha ufundi, na wangapi leo wako kazini? Tusikae chini mpaka atupe namba mbili hizo.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.*
_Sambaza kwa wanachama. Usiongeze wala kupunguza neno._