Hii Inafunguliwa Wapi?

Mwaka jana kundi letu la uhandisi mitambo lilipeleka mashine ya kupukuchua mahindi mbele ya jopo. Tuliijaza vihisi joto, kioo cha namba na swichi sita. Jopo likatusifu kweli kweli. Wiki mbili baadaye tukaipeleka kijijini kwa majaribio, ikazima. Fundi wa pale, mzee wa spana na nyundo, akaizunguka mara mbili, akauliza, "Wanangu, hii inafunguliwa wapi?" Tukaangaliana tu. Tangu siku ile sina imani na jinsi tunavyopima ubunifu hapa chuoni.

Swali la yule mzee lilishapata jibu Detroit, Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Oktoba 1908 kampuni ya Ford ilitoa gari la Model T. Ukituuliza kwa nini lilikuwa la bei nafuu, wote tunakimbilia jibu la darasani: magari yaliunganishwa kwenye mstari unaotembea. Sawa, lakini mstari ule ulianza 1913, gari likiwa na miaka mitano barabarani. Unafuu ulianzia kwenye meza ya mchoraji, ndani ya injini yenyewe.

Iangalie. Silinda nne, ujazo wa lita 2.9, nguvu za farasi 20. Watengenezaji wengi wa enzi hizo walisubu silinda moja moja au mbili mbili, halafu wakaziunganisha. Ford walizisubu zote nne kwenye bloku moja, na juu yake wakaweka hedi inayofunguka kwa boliti. Unataka kufikia pistoni na vali? Fungua hedi, kwangua masizi, weka gasketi, funga. Basi.

Pampu ya maji? Magari 2,500 hivi ya mwanzo yalikuwa nayo, kisha ikatolewa. Maji ya moto yanapanda yenyewe hadi kwenye rejeta, yakipoa yanashuka. Pampu ya oili? Haipo, flaiwili ikizunguka inairusha oili, na nyingine inateremka kwa bomba kwenda mbele. Pampu ya petroli? Haipo pia, tangi liko juu, petroli inashuka kwa uzito wake. Umeme wa plagi unatokana na sumaku zilizofungwa kwenye flaiwili hiyo hiyo. Kifaa ambacho hakipo hakinunuliwi, wala hakiharibiki.

Gari lililoanza kwa dola 850 likashuka, kwa toleo la viti viwili, hadi dola 260 mwaka 1925. Lilipoachwa kutengenezwa 1927, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15.

Sisemi urahisi hauna gharama. Hendeli ya kuwashia iliweza kurudi kwa kishindo na kuvunja mkono wa mtu. Kwenye mlima mkali, tangi likiwa na petroli kidogo, mafuta hayakufika kwenye kabureta, dereva akapanda kinyumenyume. Lakini mkulima wa kule alijua kwa nini gari limegoma, na mara nyingi alilitengeneza mwenyewe.

Sisi huku tunapewa maksi kwa tulichoongeza. Hakuna anayeuliza tumetoa nini. Napendekeza fomu ya jopo iongezwe maswali mawili. La kwanza: kila kifaa kilichomo, kikitolewa, nini kitashindikana? La pili: fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga kwa zana alizonazo? Na huyo fundi aitwe siku ya presentesheni, ajaribu mbele yetu. Wadau mtasema tutafeli wengi. Bora kufeli hapa karakanani kuliko kufeli mbele ya mkulima aliyetusubiri na magunia yake.

Mashine yetu iko stoo, kioo chake bado kinawaka. Kule kijijini wanaendelea kupukuchua kwa mikono.