Jirani Ndani ya Hadithi



Wapenzi wasomaji, wiki hii twaomba mturuhusu tuiache kidogo silsila yetu ya malezi, tuzungumze juu ya jambo lililotushughulisha tangu mwezi uliopita. Si jambo la siasa wala la bei ya unga. Ni jambo la watu wanaotunga hadithi.

Kila Jumamosi ya pili, baada ya sala ya Alasiri, hukutana watu saba katika chumba cha madrasa hapa Likoni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchapishiwa kitabu. Yuko mama mshonaji wa nguo, mwalimu wa chekechea atokaye Kisauni, kijana wa bodaboda, mzee wa Changamwe aliyestaafu kazi ya bandarini, mabinti wawili wa chuo, na sisi. Hatukuletwa pale na ujira. Tumeletwa na mapenzi. Kila mmoja ana daftari au simu yenye riwaya isiyokwisha. Sisi walitualika tuwasahihishie lugha, wala hawakujua kwamba nasi tuna daftari letu sandukuni, lililokwama sura ya nne kwa miaka 12.

Malalamiko yao mengi ni yale ambayo kila mwenye kazi yake na kalamu yake huyajua. Mshonaji hana wakati: ikaribiapo Idi cherehani hailali, na watu wake wa hadithini humngoja hata sikukuu ipite. Kijana wa bodaboda ana mianzo 11 na hana mwisho hata mmoja. Huandika kwenye simu akingoja abiria penye feri, na kila abiria ajapo huondoka na sentensi. Tulimwambia achague mwanzo mmoja, ile mingine 10 asiifungue mwezi mzima. Alibisha, kisha akakubali, na sasa amefika ukurasa wa 40.

Mzee wa Changamwe shida yake ni lugha. Riwaya yake ni ya makuli wa Kilindini katika mgomo mkubwa wa Januari 1947, ambao habari zake alizipata kwa marehemu babake. Alituuliza: "Maalim, kuli wa Mombasa atasemaje kama kitabu cha shule?" Swali lake ni zito. Mkutano uliokata shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. Na tangu hapo mtoto wa Mvita akiandika "ndoo" kwa maana ya njoo, au "mato" kwa maana ya macho, hupigiwa mstari wa wino mwekundu. Tulishauriana, tukaafikiana hivi: msimulizi aseme Kiswahili sanifu, ili msomaji wa Kisumu na wa Dodoma amfahamu, lakini kinywa cha kuli kiachwe kiseme kama kisemavyo, kiwe ni cha Kimvita au cha Kidigo. Tukamkumbusha pia kwamba Shafi Adam Shafi aliutungia riwaya mgomo wa wachukuzi wa Unguja wa 1948, akaiita Kuli, nayo ikatoka mwaka 1979. Mzee alifarijika kusikia kwamba njia hiyo ilikwisha kukanyagwa.

Hayo yote ni matatizo ya kazi, nayo hupata dawa. Lililotushinda lilikuja Jumamosi moja, mshonaji alipotusomea kurasa mbili za mwanzo wa riwaya yake.

Riwaya hiyo yaanzia Mtongwe, asubuhi ya Ijumaa, 29 Aprili 1994. Wasomaji wetu wa Likoni hawahitaji kuelezwa. Feri ilijaa kupita kiasi, ikazama, wakafa watu 272, na nyumba nyingi za upande huu ziliweka matanga siku moja. Katika hadithi ya mama yule, mjane wa mmoja wa waliozama agundua, katikati ya matanga, siri ya mumewe. Siri yenyewe hatuitaji hapa, na huko mbele msomaji ataona ni kwa nini. Alisoma vizuri. Mikeka ya barazani, sauti za wanawake chumba cha ndani, mtoto aulizaye babake atarudi lini, vyote tuliviona. Alipomaliza hapana aliyesema neno. Kisha mzee wa Changamwe akasema polepole: "Mwanangu, huyu mimi namjua. Na kijana wake husali nasi."

Kumbe mama yule alikuwa amebadili jina tu. Nyumba mbili zile zilitazamana, naye habari aliisikia kwa masikio yake alipokuwa msichana mdogo.

Ukazuka mjadala. Kijana wa bodaboda alisema: "Maalim, hadithi ni uongo, na kila mtu ajua ni uongo. Hapo pana ghiba gani?" Mwalimu wa chekechea akamjibu: "Kama ni uongo, mbona mzee amemtambua mtu?" Mshonaji alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema kwamba ameiandika kwa miaka mitatu, na akiitoa siri ile hapana hadithi itakayobaki. Wote wakatugeukia sisi tuwape hukumu. Hatukuitoa siku ile. Tuliwaambia kwamba tuna kosa letu wenyewe ambalo yatupasa kulisimulia kwanza.

Miaka mingi iliyopita tuliandika kisa kifupi, kikasomwa katika hafla ya madrasa. Kilimhusu mtu aliyemtelekeza mamake hata akafa peke yake. Jina tulilitunga, mtaa tukauhamisha, kazi yake tukaibadili. Lakini tulimpa baiskeli nyekundu yenye kengele iliyovunjika, kwa kuwa ilitupendeza. Baiskeli ile ilijulikana mtaa mzima. Watoto walimaliza kucheka, na mwenye baiskeli alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakusali katika safu yetu kwa wiki kadhaa. Tulipokwenda kumwomba radhi alitupokea kwa heshima, akatukaribisha kahawa, kisha akasema: "Sheikh, uliyoyaandika ni kweli. Lakini uliyajua kwa sababu nilikuja kwako usiku nikakwambia." Hatukuwa na jibu, na hatunalo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na yale tuliyoweza kuyakusanya. La kwanza, kutunga hadithi si kusema uongo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliandika Maqamat yake juu ya mtu wa kubuni, Abu Zayd wa Saruj, laghai mwenye ufasaha wa ajabu. Na wanazuoni wameisoma na kuisherehesha kwa karne nyingi kwa ajili ya lugha na mazingatio yake. Msomaji ajua kwamba Abu Zayd hayupo, na kwa hiyo hakuna aliyedanganywa wala aliyevunjiwa heshima.

La pili, mambo hugeuka pale mtu wa hadithini anapokuwa na mlango unaoweza kubishwa. Suratul Hujurat imekataza kusengenyana kwa mfano mzito wa kula nyama ya ndugu aliyekufa. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, je, ikiwa lile lisemwalo ni kweli, alibainisha kwamba likiwa kweli ndiyo ghiba, na likiwa si kweli ni buhtani. Basi kijana wetu wa bodaboda hana pa kutokea. Jirani akitambulikana, lililo kweli katika hadithi ni ghiba, na lililobuniwa ni kumzulia.

La tatu, tuitazame Sura ya Yusuf, kisa ambacho Mola mwenyewe amekisifu kwa uzuri. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mna kisima, mna mwanamke aliyemtamani kijana wa nyumbani mwake, mna gereza. Hapana aibu iliyofichwa. Lakini mwanamke yule hakutajwa jina. Zulekha ni jina tulilolipata kwa wafasiri na washairi. Wala ndugu waliomtupa Yusuf kisimani hawakutajwa kwa majina. Jambo limewekwa wazi kabisa, na watu wamesitiriwa. Mtume naye (s.a.w.) alipotaka kukemea kosa la mtu mara nyingi aliuliza wana nini watu wafanyao kadha wa kadha, na mwenye kosa akajijua mwenyewe.

Hapo mwalimu wa Kisauni akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Na yale ambayo watu wangependa yasisemwe kabisa, Maalim? Tukisitiri kila kitu si tutafuta kila kitu?"

Ana haki. Yeye apita Kengeleni kila siku, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoasisiwa na wamishonari kiasi cha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. James Mbotela, mtoto wa watu hao, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na ambacho huhesabiwa miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Wako wanaokilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na wako katika watu wetu wasiopenda kinavyowataja Waarabu. Nasi tuna maneno yetu juu yake. Lakini kama Mbotela angenyamaza ili asimuudhi mtu, habari za wazee wale zingebaki katika barua na ripoti za wageni. Kunyamazia dhuluma si sitara. Sitara ni ya mtu na aibu yake ya nyumbani. Dhuluma iliyowapata watu ina haki ya kuandikwa, na feri iliyojazwa mpaka ikazama ni katika hayo.

Tukamwambia mshonaji hivi. Tarehe, feri na maji, andika. Hayo ni yetu sote. Ndani ya nyumba ya mtu, jiulize hadithi yahitaji nini hasa. Yahitaji mjane na jambo asilolijua. Haihitaji kazi ya mumewe, wala mlango uliotazamana na wenu, wala idadi ya watoto. Na kila alichokitoa kwa mtu, amtoe pia kitu chake mwenyewe: ampe mjane yule kosa ambalo yeye mshonaji amewahi kulifanya. Mwandishi asiyejitia mizanini huwahukumu wenziwe kwa urahisi mno. Mwisho, kwa kuwa asili ya habari bado ina mwenyewe, aende akamwombe idhini, na akikataliwa akubali.

Alikwenda pamoja na mzee wa Changamwe. Yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, alizisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Kisha akasema: "Jambo hili nilikwisha kulisamehe zamani. Lakini babangu hakuwa mwoga, na hapa mumemfanya mwoga." Akaruhusu iandikwe, kwa sharti la kubadilishwa yale tuliyoyataja, na kwa sharti moja jingine: maneno aliyoyasema mamake pale mlangoni yatoke, kwa sababu aliyasema mara moja tu, na hakuyasema kwa watu.

Mshonaji alituambia kwamba maneno yale ndiyo aliyoyapenda kuliko yote katika kitabu kizima. Ameyatoa. Sura ile imelegea, naye amekaa nayo wiki tatu bila kupata cha kuyajazia. Hatutawadanganya wasomaji kwamba adabu haina gharama. Lakini ametuambia pia kwamba yule mume, tangu alipoacha kuwa mwoga, amekuwa mgumu kumwandika na mgumu kumchukia, na sasa mjane ana sababu ya kumlilia. Hilo hakulipata kwetu. Alilipata kwa mwenye habari.

Wazazi mnaosoma ukurasa huu, mkimwona kijana wenu ameinama kwenye daftari usiku, msimvunje moyo, wala msiogope kwamba ataitoa nyumba nje. Muulizeni amwandika nani, na kama mtu huyo akisoma atalala vipi. Na nyinyi mnaoandika, msichague baina ya kalamu na jirani. Andikeni lililo kubwa, mumsitiri mtu, na mkishindwa kumsitiri mwombeni idhini akiwa bado hai.

Twasema "akiwa bado hai" kwa kuwa mwenye baiskeli nyekundu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Sura yetu ya nne ilikuwa juu yake, kwa jina jingine, na hatuna tena wa kumwomba ruhusa. Juzi tulilitoa daftari sandukuni, tukaichana sura hiyo, na tumeanza upya bila baiskeli.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Tanbihi: kazi, makazi na mengineyo ya watu tuliowataja tumeyageuza, na wahusika wametupa idhini. Msomaji asijisumbue kuwatafuta.