Programu isiyojua kupumzika

Haya jamani, leo siandiki kuhusu Linux wala seva. Leo nina ugomvi na waandishi wenzangu wa programu.

Pita hapa Kilimani alfajiri, kutoka Yaya hadi Barabara ya Ngong. Vijana wanakimbia, wengine wanaelekea jimu. Vizuri, mazoezi ni afya. Lakini tazama mkononi: saa inahesabu hatua, simu inahesabu kalori, na ukikosa siku moja tu, hesabu yako ya siku 90 mfululizo inarudi sifuri. Anayekimbia na goti lililovimba kwa kuogopa sifuri hiyo hafanyi mazoezi tena. Anatumikishwa.

Na hizo hatua 10,000 zilitoka wapi? Si kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa likageuka kuwa sheria ya afya, na sisi tukaipachika ndani ya programu zetu bila kuuliza.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 105 wenye ugonjwa wa ulaji. Takriban robo tatu walikuwa wametumia MyFitnessPal, na kati ya hao, takriban robo tatu waliona kwamba programu hiyo ilichangia ugonjwa wao. Utaniambia huenda mgonjwa ndiye anayeitafuta programu, si programu inayomtafuta. Sawa. Lakini kama unajua wagonjwa watakuja, mbona umeijenga kana kwamba hawapo?

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Wapi! Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya, na ulionyesha kwamba wamo hatarini: chakula kisichotosha kazi ya mwili, hedhi iliyovurugika, ulaji wenye kasoro. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikwisha kuonya mwaka 2014 kwamba upungufu huo huharibu mifupa na homoni, na kwamba wanaume nao hawajasalimika.

Wanaume hasa tunajificha vizuri. Msichana akikonda, shangazi atauliza kama anaumwa. Mvulana aliyeacha ugali, anayekataa kwenda harusini kwa kuwa hawezi kuupima wali wa pale, anasifiwa kuwa ana nidhamu.

Sasa mafundi, tufanye hivi. Siku ya kupumzika ihesabiwe kuwa siku iliyotimizwa. Programu ikatae lengo la uzito ulio chini ya kiwango cha afya. Mtu akiandika chakula kidogo mno siku kadhaa, asipewe nyota. Aelekezwe kwa daktari. Pawe na kitufe cha kuficha namba zote.

Hakuna hesabu ngumu hapo. Ni "kama" na "basi" chache, kazi ya siku mbili. Kinachotuzuia ni biashara: aliyepumzika hafungui programu, na asiyeifungua haoni tangazo.

Nawe msomaji, ikiwa kukosa mazoezi siku moja kunakunyima usingizi au chakula, usiulize simu. Muone daktari, au anza na mtu unayemwamini.

Anayepinga aandike hapo chini. Nitajibu.